Mama Mkubwa Nyuma ya Pazia: Ukoo wa Kaizari Guangxu

Asanteni kwa kuja. Kabla sijataja hata mwaka mmoja naomba chaki, maana tusipouchora ukoo huu ubaoni tutapotea wote.

Akitajwa Kaizari Guangxu wa China, watu hukimbilia siasa: mageuzi ya siku mia moja ya 1898, mapinduzi ya ikulu, kifungo. Leo tuanzie kwenye udugu. Mimi naona siasa yenyewe ilizaliwa humo.

Tazameni hapa. Kaizari Daoguang alikuwa na wana wengi. Wa nne, Xianfeng, akarithi kiti. Wa saba, Yixuan, akabaki mwanamfalme tu. Xianfeng alikuwa na suria aliyemzalia mtoto wa kiume, na suria huyo ndiye Cixi. Yixuan naye akaozwa mdogo wake Cixi. Wanaume wawili ndugu, wanawake wawili ndugu. Tarehe 14 Agosti 1871 Yixuan na mkewe wakapata mtoto, Zaitian, ambaye baadaye ndiye Guangxu. Sasa niambieni, Cixi ni nani kwa huyu mtoto?

Naam, mama mkubwa. Kwa upande wa mama au wa baba? Pande zote mbili! Ni dada mkubwa wa mama yake, na ni mjane wa baba yake mkubwa.

Januari 1875 kaizari kijana, Tongzhi, mwana pekee wa Cixi, alifariki akiwa na miaka 18, akiugua ndui. Hakuacha mtoto. Desturi ilitaka mrithi atoke kizazi cha chini yake, ili awe kama mwanawe na kumfanyia ibada za wahenga. Lakini piga hesabu: akipatikana mwana wa Tongzhi, mama wa kaizari anakuwa mjane wa Tongzhi, na Cixi anageuka bibi wa kukaa pembeni. Kwa hiyo akachaguliwa Zaitian, binamu wa marehemu, wa kizazi kilekile, akatangazwa kuwa mtoto wa kulea wa hayati Xianfeng. Cixi akabaki mama. Kwa Tongzhi ikatolewa ahadi: Guangxu akija kupata mtoto wa kiume, huyo atahesabiwa mrithi wa Tongzhi. Ishikeni ahadi hiyo, tutairudia. Afisa mmoja, Wu Kedu, uteuzi huu ulimuuma kiasi kwamba mwaka 1879, baada ya maziko ya Tongzhi, alijiua kupinga.

Usiku ule wa uteuzi Yixuan alikuwepo. Weng Tonghe, ambaye baadaye alimfundisha mtoto huyo, aliandika katika shajara yake kwamba Yixuan aligonga kichwa sakafuni, akalia, akazimia, wakashindwa kumwinua. Mwanao amepewa China nzima, nawe unazimia! Mimi simshangai. Kuanzia hapo alikuwa baba asiye na mtoto, tena raia wa mtoto wake mwenyewe. Haukupita muda akaomba kuachia vyeo vyake, asije akadhaniwa anatawala kupitia mwanawe.

Mtoto alikuwa na miaka mitatu. Alichukuliwa usiku huohuo akapelekwa ikulu. Alikaa mbele kwenye kiti, nyuma yake pazia, na nyuma ya pazia wajane wawili wa Xianfeng, Ci'an na Cixi. Sisi tunasema fulani anatawala nyuma ya pazia kama fumbo. Pale lilikuwa kitambaa kweli. Ci'an alifariki 1881, akabaki mmoja. Na kijana alimwitaje mama yake mkubwa? Alimwita "baba mpendwa". Radi ikipiga, mtoto alikuwa akimkimbilia mwalimu Weng.

Harusi ilifanyika Februari 1889. Mke alichaguliwa na Cixi: binti wa Guixiang, mdogo wake wa kiume. Yaani kwa Guangxu ni binti wa mjomba, tena amemzidi miaka mitatu. Naona akina mama pale mbele wanatabasamu. Ndiyo, binti wa mjomba huolewa hata kwetu pwani. Tofauti ni kwamba huyu aliingia chumbani kama jicho la shangazi yake. Ndiye Malkia Longyu.

Wiki chache kabla ya sherehe, moto uliteketeza lango kuu la ndani ya ikulu, ambalo lazima bibi harusi apitie. Kulijenga upya haiwezekani kwa muda ule. Wakaitwa mafundi, wakasimamisha lango zima la mbao, karatasi na vitambaa, vigae na nakshi vikiwa mahali pake. Imeandikwa kwamba hata waliozoea kupita hapo kila siku hawakuona tofauti. Longyu akaingia kupitia lango la karatasi. Masuria wawili, Jin na Zhen, ndugu wa damu, wao waliingia kwa lango la nyuma kama ilivyo desturi ya masuria.

Guangxu alimpenda Zhen, aliyekuwa na miaka 13 alipoingia ikulu. Ya 1898 mnayajua: Guangxu akatoa amri za mageuzi kuanzia Juni, na Septemba Cixi, aliyekuwa amemwachia utawala baada ya harusi, akarudi kushika madaraka, Guangxu akafungiwa Yingtai, kisiwa kidogo ndani ya ziwa la ikulu. Agosti 1900, majeshi ya mataifa manane yakiingia Beijing, Cixi alikimbia na Guangxu. Kabla ya kuondoka Zhen alizamishwa kisimani. Kisima kipo mpaka leo, na mdomo wake ni mwembamba mno; ukikiona utajiuliza mtu alipitaje. Dada yake, Jin, baadaye alimwekea chumba cha ibada karibu na hapo.

Guangxu alifariki 14 Novemba 1908, miaka 37. Cixi alifariki kesho yake. Mwaka 2008 wataalamu wa China walitangaza kwamba nywele na nguo kutoka kaburini zimejaa aseniki, sumu kali, kwa kiwango cha kuua. Nani aliyempa, hilo nywele hazisemi.

Na ile ahadi? Guangxu hakupata mtoto. Akachukuliwa Puyi, mtoto wa mdogo wake, akaandikwa mrithi wa Tongzhi na pia wa Guangxu. Miaka miwili na miezi kadhaa, na yeye akabebwa kutoka nyumbani kwao. Longyu, mjane sasa, ndiye aliyetoa tamko la kuachia kiti kwa niaba ya Puyi, tarehe 12 Februari 1912.

Wakati huo kaburi la Guangxu lilikuwa bado halijakamilika. Jamhuri iliahidi kulimalizia kwa gharama zake. Longyu akafariki 1913, na mwaka huohuo wakazikwa pamoja, Guangxu na binti wa mjomba wake, katika kaburi moja.

Haya, maswali. Na chaki nairudisha.