Mnaotaka kumleta mtoto Denmark awe Højlund, nijibu mara moja

Haya jamani, habari zenu. Leo sikupanga kurekodi, nimetoka kazini, mnaona hata koti sijavua. Ila maoni yamezidi. Kila video, hata ile ya bei ya vitunguu, lazima atokee mtu: "Kaka, mwanangu ana miaka 14, anafunga kuliko Højlund, tufanyie mpango aje huko." Nikijibu, najidai. Nikinyamaza, nimesahau nyumbani. Basi leo najibu, na mtakaonuna nuneni.

Rasmus Højlund, mshambuliaji wa Denmark, mnamjua. Wengine mmemtukana misimu miwili mizima kama vile alikula nauli yenu, wakati hata krosi alikuwa haletewi. Hayo ya Manchester United siyarudii. Angalieni alikotokea. Kazaliwa Copenhagen 2003, utotoni kapita Brøndby, kapita Holbæk, kaingia FC København. Timu ya wakubwa kaanza 2020, na namba ya kudumu hakuwa nayo. Januari 2022, ana miaka 18, kauzwa Sturm Graz ya Austria. Mwaka huohuo Atalanta ya Italia wakambeba. 2023 Manchester wakatoa pauni milioni 64, na 2025 akaenda Napoli kwa mkopo.

Sasa, kwenda Graz na Italia hakuombewa kibali cha kazi. Ana paspoti ya Umoja wa Ulaya, kapanda ndege kama wewe unavyopanda basi la Morogoro. Uingereza ndiyo walitaka kibali, maana walishajitoa kwenye Umoja, lakini hapo makaratasi yanahangaikiwa na klabu, si mama yake.

Mwanao wa miaka 14 je? FIFA hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kuhama nchi kwa ajili ya mpira. Misamaha ipo: kuhama kati ya nchi za Umoja wa Ulaya kuanzia miaka 16, au wazazi wawe wamehama kwa shughuli zao zisizohusu mpira. Anayekwambia ana "koneksheni" ya akademi na anataka cha mbele, mimi sina la kuongeza.

Na hata ukiwa ndani ya msamaha, utaisoma namba. Mwanangu nilimleta kwa kibali cha familia. Timu yenyewe ya mtaani, kocha ni mzazi mwenzangu anayefundisha bure. Ada nimelipa, viatu nimenunua. Mazoezi ruksa, mechi hapana, subiri karatasi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Rashidi, paspoti inasema Rashid. Hiyo "i" moja! Ofisi moja ya nyumbani ikanizungusha miezi minne, mara aliyesaini yuko likizo, mara mtandao hamna. Kiapo, tafsiri, kutuma kwa ndege. Mtoto kila Jumamosi anabeba chupa za maji za wenzake. Silalamiki, naeleza.

Halafu kuna jambo lililoniuma kuliko yote. Mchezaji akiuzwa nje ya nchi, asilimia 5 ya ada inagawiwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 mpaka 23. Pigeni hesabu ya milioni 64: asilimia 5 nzima ni pauni milioni 3.2. Kila mwaka wa mtoto una thamani yake, kwa hiyo kila usajili unatunzwa. Mimi ndondo nimecheza miaka sita, goti hili hapa ni la ndondo, na hakuna karatasi hata moja duniani inayojua kwamba nilikuwepo.

Haya ni yangu, yako yanaweza kwenda tofauti. Mimi si wakala wala mwanasheria, nafungasha mizigo ghalani.

Na wewe ndugu uliyeandika jana usiku kwamba umeshapata mteja wa kiwanja cha Kigamboni ili dogo aje: kama hujasaini, nipigie kwanza. Kwa huku ni baada ya saa kumi jioni.