SSH Inapogoma Baada ya Kubadilisha Intaneti ya Nyumbani

Mabibi na mabwana, jana seva ilikupokea kama kawaida. Leo umewekewa ruta ya mtoa huduma mpya, kurasa za wavuti zinafunguka bila shida, lakini SSH, njia ya kuingia na kuiendesha seva ukiwa mbali, haiingii. Wengi hapo hukimbilia kutengeneza funguo mpya za utambulisho, ilhali mazungumzo hayajafika hata hatua ya kuulizana utambulisho.

Naomba tuanze kwa kutazama umekataliwa vipi. Skrini ikiandika papo hapo "Connection refused", ipo mashine iliyojibu: ama hakuna programu inayosikiliza kwenye poti ya SSH (mlango wenye namba, kwa kawaida 22), ama ukuta wa moto, yaani kichujio cha mawasiliano, umeagizwa kukataa waziwazi. Ikikaa kimya muda mrefu ndipo iandike "Connection timed out", pakiti zako, yaani vipande vya data unavyotuma, zinatupwa bila jibu, na hapo mimi humshuku kwanza ukuta wa moto wa seva yenyewe. Siku ulipofunga poti 22 kwa watu wote isipokuwa wewe, uliandika anwani ya IP ya nyumbani, na anwani hiyo imebaki kwa mtoa huduma wa zamani. Ingia kupitia konsoli ya kampuni inayokukodisha seva, ongeza anwani mpya, kisha ufute ile ya zamani, kwa sababu anwani hiyo atapewa mteja mwingine ambaye hukumkusudia.

Ipo hitilafu nyingine yenye hila zaidi. Unaandika ssh -v, amri inayoonyesha kila hatua, unaona muunganisho umekubaliwa, halafu kila kitu kinaganda wakati wa kubadilishana funguo. Hapo mara nyingi si ukuta wa moto wa seva; ni ukubwa wa pakiti. Laini inayotumia PPPoE, mojawapo ya njia ambazo watoa huduma huunganisha wateja, kwa kawaida hubeba pakiti za hadi baiti 1492 badala ya 1500, na iwapo ujumbe wa kumtaarifu mtumaji apunguze umezuiwa njiani, pakiti ndogo hupita na kubwa hupotea. Shusha MTU, yaani kikomo cha ukubwa wa pakiti, ya kompyuta yako hadi 1400, ujaribu tena.

Kwa wanaoingia kwenye mashine iliyoko nyumbani wakiwa nje, tazameni anwani ambayo ruta imepewa. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mmewekwa nyuma ya anwani moja pamoja na wateja wengine, na kufungua poti kwenye ruta, hata mkeshe, hakutasaidia: ombeni anwani ya umma, au mashine ya nyumbani ianzishe yenyewe muunganisho kwenda kwenye seva ya nje, nanyi mwingie kupitia huko.