Si Vanishi, Bwana

Ndugu zangu, wekeni simu chini kidogo. Kila ninapoonyesha kasha la najeonchilgi, lile jeusi la Kikorea lililopambwa kwa gamba la baharini, watu hukimbilia maua yanayometameta. Haya, gamba ni zuri, nani kabisha? Lakini mimi nimekuja kusema habari za ule weusi.

Mwaka jana mzee mmoja alinikatiza hapahapa: "Si vanishi tu hiyo?" Si vanishi, mzee wangu! Vanishi huianika ikakauka. Huu ni utomvu wa mti, Wakorea huuita ott, na ukiuacha penye hewa kavu utakunatia siku nzima na kesho yake. Mafundi hukifungia chombo ndani ya kabati lenye joto na unyevu wa asilimia 70 hadi 80. Kimeng'enya kilichomo kwenye utomvu huamka kwa unyevu, huvuta oksijeni, na utomvu hugeuka ngozi ngumu isiyojali maji wala asidi. Mti wa miaka kumi hutoa gramu 200 hivi kwa msimu. Kikombe cha chai hakijai!

Tena unababua. Mliowaona wabangua korosho wa Mtwara mnavijua vidole vyao. Basi mti huo na mkorosho ni ukoo mmoja, na mwembe pia yumo. Viwanda vya Korea vilipotafuta kitu rahisi vilichukua mafuta ya maganda ya korosho, vikayapaka makabati ya maharusi. Nyumba za ghorofa zikaja na makabati ya ukutani, yale ya gamba yakatupwa barabarani. Sitaki hata kuyakumbuka.

Mtaniambia nasi tuna njumu. Tunazo, tazameni pembe za ndovu kwenye kiti cha enzi. Lakini hapo fundi huchimba mbao akapachika. Mkorea hugandisha gamba juujuu, kisha hupaka utomvu tabaka juu ya tabaka mpaka gamba linazama kabisa, halafu husugua mpaka lichomoze tena. Bila ule weusi, ua hilo lingebanduka kwa kucha.

Naona naonyeshwa saa. Haraka basi: Xu Jing, mjumbe wa Wasung wa China aliyefika Korea mwaka 1123, aliisifu kazi hii, na vyombo vya enzi hiyo ya ufalme wa Goryeo wa Korea ni kama 20 tu duniani, vingi viko nje ya Korea. Karakana za jeshi la majini la Tongyeong, mji wa pwani ya Korea, nilitaka kuzieleza, hazitawezekana leo. Kasha liko pale mezani. Lishikeni, ila pete vueni kwanza.