Mikono Mitupu: Msimu Wetu wa Softiboli Mjini Chicago

DADA: Karibuni wasikilizaji wetu popote mlipo. Leo tunauzungumzia msimu wa timu yetu ya softiboli, mchezo wa gongo na mpira unaofanana na besiboli, hapa Chicago, timu ya ridhaa ambayo wachezaji wake hutoka kazini jioni na kwenda moja kwa moja uwanjani. Kaka, wewe ndiye uliyeandika kila mchezo katika daftari lako, kwa hiyo tuanze na matokeo.

KAKA: Ahsante, dada. Kati ya Mei na Agosti tulicheza michezo 12, tukashinda 4 na kupoteza 8, na tukamaliza tukiwa wa pili kutoka mkiani. Hata hivyo daftari linaonyesha jambo ambalo msimamo wa ligi hauonyeshi. Katika michezo 6 kati ya ile 8 tuliyopoteza, alama zilizotuangusha ziliingia katika ungwe mbili za mwanzo, yaani zamu mbili za kwanza za kila timu kupiga na kulinda, na kuanzia ungwe ya tatu tulicheza sawasawa na wapinzani wetu, mara nyingine tukiwazidi.

DADA: Msikilizaji hataielewa sababu yake mpaka tumweleze mpira wenyewe. Kwingineko duniani softiboli huchezwa kwa mpira wenye mzingo wa sentimita 30 hivi, na walinzi huvaa glavu. Chicago ina mchezo wake: mpira una mzingo wa sentimita 40 hivi, ukubwa unaokaribia balungi, nasi tunaudaka kwa mikono mitupu. Ukiwa mpya ni mgumu na huruka mbali, lakini kadiri unavyopigwa ndivyo unavyolainika, hata ukifika katika ungwe ya lala salama unabonyea ukiukandamiza kwa kidole.

KAKA: Ndiyo maana timu zenye uzoefu hutushambulia mapema. Wapigaji wao wanajua kwamba mpira mgumu humwogopesha mlinzi mgeni, kwa hiyo wanaupiga chini na kwa kasi kumwelekea mchezaji wanayemwona amekunja vidole. Mwezi Juni mwenzetu anayelinda besi ya tatu, besi zikiwa vituo ambavyo mkimbiaji hupaswa kuvifikia, alivunjika kidole cha pete kwa mpira wa namna hiyo, na baada ya siku ile niliona kila mmoja wetu akisita kwa nusu sekunde kabla ya kuinama. Nusu sekunde hiyo ya ziada inamtosha mkimbiaji kuiwahi besi ya kwanza.

DADA: Kidole kile ndicho kilichozua mjadala mkubwa katika kikao chetu cha Septemba. Baadhi ya wenzetu wanataka tuhamie ligi ya mpira mdogo, yenye glavu. Kidole kile kilipovunjika mwezi Juni, nami nilikuwa na mawazo kama yao, na ninasema wazi kwamba sikuona fahari yoyote katika kuumia.

KAKA: Nami niliwaomba tubaki, kwa sababu mchezo huu umekuwa hivi tangu ulipozaliwa, tena katika mji huu huu. Ulianza Novemba 1887, Sikukuu ya Shukrani, ndani ya klabu ya Farragut Boat Club, ambako vijana walikuwa wamekusanyika kusubiri matokeo ya mchezo wa futiboli ya Kimarekani kati ya vyuo vikuu vya Yale na Harvard. Yale iliposhinda, kijana mmoja alirusha glavu ya ndondi na mwingine akaipiga kwa kijiti. Mmoja wao, George Hancock, akaifunga ile glavu kwa kamba zake ikawa mpira, akachora uwanja sakafuni kwa chaki, na wakacheza mpaka matokeo yakawa 41 kwa 40.

DADA: Kwa hiyo glavu ilikuwapo tangu siku ya kwanza, ila yenyewe ndiyo iliyokuwa mpira.

KAKA: Hasa. Baadaye mchezo ulitoka nje ya kumbi, na mwaka 1933 mashindano ya taifa yalifanyika hapa hapa wakati wa Maonyesho ya Dunia. Katika miaka ile ya dhiki kubwa ya uchumi, mpira mmoja na gongo moja viliwatosha watu ishirini, na hakuna aliyehitaji kununua glavu. Mapenzi ya watu wa hapa kwa desturi hiyo ni makubwa mno, dada. Mwaka 1977 ligi ya Grant Park, bustani ya umma hapa mjini, iliporuhusu glavu, mwandishi wa safu ya gazeti, Mike Royko, alikwenda mahakamani kupinga, na alishinda.

DADA: Historia hiyo ninaiheshimu, lakini si yenyewe iliyonibadilisha mawazo. Nilibadilishwa na mama mmoja wa timu pinzani, mtu mzima kwangu, aliyenifuata baada ya mchezo wa Julai na kuishika mikono yangu. Aliniambia nisiukabili mpira kwa viganja vilivyokaza, bali niupokee kwa mikono miwili na kurudi nao kifuani, vidole vikiwa vimelegea. Nikakumbuka utotoni Tanga, tulivyokuwa tukisimama chini ya mwembe na kudaka maembe yaliyoangushwa na kaka zetu. Ukiyakazia mkono yanapasuka. Ukishuka nayo yanabaki mazima. Mikono yangu ilikuwa inaijua kazi hiyo tangu nikiwa na miaka saba, ila sikuwa nimeitumia.

KAKA: Na katika michezo mitatu iliyofuata hukuangusha mpira wa juu hata mmoja. Niliuandika kila mmoja daftarini.

DADA: Basi tuwaambie wasikilizaji tulichokubaliana. Tutabaki katika ligi hii kwa msimu mmoja zaidi, na mwenzetu wa besi ya tatu amesema atarudi, jambo lililonigusa sana. Matumaini yetu ni kushinda angalau michezo 7 na kuingia kwenye mchujo.

KAKA: Msimu uliopita tulifanya kosa la kujifua kwa mipira iliyokwishatumika, ili kubana matumizi, kwa hiyo mpira mgumu tulikutana nao siku ya mchezo tu. Safari hii tumechanga, tumenunua mipira 4 mipya, na kila mazoezi yataanza kwa dakika ishirini za kudaka mpira ambao haujapigwa bado.

DADA: Theluji haitaturuhusu kutoka nje kabla ya Aprili, ndiyo maana tumekodi ukumbi kwa kila Jumapili jioni kuanzia wiki ya pili ya Januari. Mwenye ukumbi ametukataza kubandika utepe sakafuni, lakini chaki ameiruhusu.

KAKA: Chaki nitaileta mimi.