Mwenye moyo mpana akishikwa na mafua

Shikamooni wazee wangu, na wengine hamjambo. Mlionisikia mwaka jana mtanivumilia, wimbo ni uleule.

Najua mnachosema: "Daktari, mafua ni ya puani, moyo unaingiaje?" Unaingia. Homa ikipanda, mapigo yanapanda. Kifua kikijaa, oksijeni inapungua, na damu nayo inakuwa rahisi kuganda. Huko Ontario, Kanada, utafiti uliochapishwa 2018 ulionyesha kwamba ndani ya siku 7 baada ya mtu kuthibitishwa maabara kuwa na influenza, yaani mafua makali ya virusi, hatari ya shambulio la moyo ilikuwa mara 6 ya kawaida. Moyo mzima una akiba. Moyo mpana, uliokwisha kupanuka na kushindwa kusukuma damu vizuri, ni punda wa kwenye methali: yeye afe, mzigo ufike.

Sasa ugomvi wangu: diklofenaki. Mgonjwa anaumwa viungo na kichwa. Kwangu haji. Anamtuma mjukuu dukani, "kaniletee dawa ya mafua na maumivu," mtoto anarudi na diklofenaki au brufeni kwenye kibahasha kisicho na jina. Maumivu yanatulia, mwenye duka anasifiwa mtaa mzima. Kumbe dawa hizo zinaifanya figo ishike chumvi na maji, na zinaivunja nguvu dawa ya kukojoa anayomeza kila asubuhi, kama bado anaimeza, maana ameshasema hana nguvu za kwenda chooni kila saa. Chakula hakipandi, anapewa supu, na supu ya kwetu chumvi yake mnaijua. Siku ya tatu ukimbonyeza kifundoni, kidole kinaacha shimo. Siku ya nne analalia mito mitatu apate kupumua, na nyumbani wanamnunulia amoksilini! Virusi vya mafua na amoksilini, dawa ya bakteria, wapi na wapi? Akifika wodini, ndugu wananiambia, "Mafua tu yamemzidi."

Wenye maduka mpo, nawaona mnavyoangalia simu. Ulizeni tu: dawa hii ni ya nani, na anatumia zipi nyingine? Paracetamol ya kawaida inamfaa. Ile ya kuyeyusha inayotoa povu ina sodiamu nyingi, mwachieni mwingine. Za kuzibua pua zenye pseudoefedrini zinapandisha presha.

Kuna atakayesema influenza ni ya Wazungu wenye baridi. Kwetu inazunguka mwaka mzima! Na wagonjwa wetu si vikongwe wa kukaa ndani. THESUS-HF, utafiti wa hospitali 12 katika nchi 9 za Afrika, ulikuta wastani wa umri wa wenye moyo kushindwa ni miaka 52, na chanzo kikubwa ni presha. Hawa wanapanda daladala kila siku, wanakoholewa shingoni.

Chanjo ya influenza, harakaharaka, naona mwenyekiti anatazama saa. Mwaka 2022 yalitoka majibu ya utafiti wa chanjo hiyo kwa wagonjwa 5,129 wenye moyo kushindwa, nchi 10 za Afrika, Asia na Mashariki ya Kati. Kwa vifo vya moyo, shambulio la moyo na kiharusi kwa jumla, tofauti kati ya waliochanjwa na wasiochanjwa haikutosha kudai ushindi. Wapinzani hunukuu hapo wakanyamaza. Nimonia ilipungua kwa asilimia 42, hilo hawalitaji. Inachomwa kila mwaka, na kwetu wengi hujilipia wenyewe. Hilo nalo ni ugomvi, ila leo haliishi.

Mizani nilitaka kuieleza vizuri. Basi: uzito wako ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji, njoo, usingoje kliniki. Dawa zako usiziache. Tangawizi kunyweni, ila kikombe nacho ni maji, kihesabuni kwenye maji yenu ya siku.

Haya, mama wa pale nyuma, uliza.