Hela ya Dawa ya Viroboto Inapotelea Wapi
(Mazungumzo na wafugaji wa mbwa, Igoma, Mwanza)

Mwangaluka wazee wangu, shikamooni, na vijana mambo vipi. Asanteni kwa kuja na mbwa wenyewe, leo tunawahitaji.

Mama, naomba umshike Bobi hivo hivo. Mmeniona nimepitisha kitana cha chawa hapa karibu na mkia, ndo wanapopenda kukaa, na nimetoa hivi vipunje vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa, wengi mnajua ni vumbi. Naviweka kwenye tishu nyeupe, nadondoshea maji kidogo, tusubiri... haya, pitisheni nyuma muone, tishu imekuwa nyekundu ya kutu. Hiyo ni damu ya Bobi, kiroboto kainywa na huo ndo mavi yake. Vumbi la Igoma halifanyi hivo. Kwahiyo hata kama humuoni kiroboto akiruka, ukipata hii ujue wapo.

Sasa kila mtu ananiuliza dawa gani ya bei nafuu, na mimi kabla ya dawa naomba tujue kwanza tunampiga nani na yuko wapi. Kiroboto jike mmoja anaweza kutaga mayai 40 mpaka 50 kwa siku, na yale mayai hayanati kwenye manyoya, yanadondoka, mbwa akilala kwenye gunia yako kwenye gunia, akijipenyeza chini ya kochi yako chini ya kochi, akilala kule kwenye kivuli cha mawe kama mbwa wetu wa milimani wanavyopenda basi na kule yako. Yanatoka mabuu, yanakula yale mavi ya damu, yanakimbilia gizani, halafu yanajifunga kwenye kifukofuko. Ukijumlisha wote hao, wale unaowaona mgongoni ni kama asilimia 5 tu. Asilimia 95 wako sakafuni kwako. Ndo maana unanunua dawa, unampaka, wiki ya pili viroboto wamerudi, unasema duka limeniuzia feki. Mara nyingi sio feki jamani, ni watoto wapya wametoka.

Na hawa wa kwenye kifukofuko wana subira ya ajabu. Mwaka fulani nilikwenda Ukerewe kwa wazazi nikakaa mwezi mzima, nyumba imefungwa na mbwa nimemwacha kwa jirani, yaani ndani hakuna kiumbe. Narudi, nafungua mlango, natembea mpaka chumbani kuweka begi, naangalia soksi, zilikuwa nyeupe, zimejaa vidoti vyeusi mpaka juu ya kifundo. Walikuwa wanasubiri. Wakisikia mtikisiko wa miguu, joto, na hewa tunayotoa puani, wanapasua na kuruka. Na Mwanza hatuna baridi ya kuwapunguza, hali ya hewa yetu wanaipenda mwaka mzima.

Kwahiyo dawa ya kwanza haina gharama, ni fagio na jua. Fagia kila siku mpaka kwenye pembe, takataka zichome au zitupe mbali, matandiko ya mbwa yafue kwa maji ya moto kila wiki halafu yaanike kwenye jua kali, mabuu hayavumilii jua wala ukavu. Gunia limechoka? Chukua lingine. Ukifanya hivi, dawa utakayonunua inafanya kazi kweli.

Tuje dukani. Mnapenda kuuliza bei ya chupa, mimi naomba muulize inalinda siku ngapi. Tuseme kuna ya elfu tatu inayoua leo tu, na nyingine ya elfu kumi na tano ya mwezi mzima. Gawanya, ya pili ni shilingi mia tano kwa siku, ile ya kwanza ni elfu tatu kwa siku na bado kesho anajikuna. Sio lazima uwe na dawa ya gharama kubwa ila lazima ujue umelipia siku ngapi.

Za matone ya mgongoni, soma boksi utafute fipronili au imidaklopridi, zote zinaua viroboto na kwa kawaida zinakaa kama mwezi. Tenga manyoya kati ya mabega mpaka uione ngozi, dondoshea kwenye ngozi, sio juu ya manyoya, na usimwogeshe siku mbili kabla na siku mbili baada. Vidonge kama NexGard ni vya mwezi, Bravecto inalinda wiki 12 kwa kidonge kimoja, bei yake inashtua lakini piga ile hesabu ya siku kabla ya kukimbia. Mbwa mwenye kifafa, mwambie daktari kwanza kabla ya hivi vidonge. Na vitoto vya chini ya wiki nane ni kitana na sabuni tu, msiviwekee dawa za wakubwa, ila msivipuuze, viroboto wakiwa wengi vinaishiwa damu mpaka vinakufa.

Hapa naomba mnisikilize sana. Kijijini kwetu upande wa Magu, mjomba wangu alikuwa na mbwa mzuri sana wa kulinda mbuzi. Viroboto vikamzidi, mjomba akachukua dawa ya kupulizia pamba, akachanganya na maji, akamwogesha. Nilikuwa mdogo, nilikuwepo. Alianza kutoa udenda, udenda mwingi, halafu miguu ya nyuma ikaanza kutetemeka, akajaribu kusimama akashindwa, jua halijazama akafa. Mjomba alilia. Alikuwa anampenda na alitaka kumsaidia. Dawa ya pamba, mafuta ya taa, oili chafu, hivo vitu mwilini mwa mbwa hapana, hapana kabisa.

Baba pale umenyoosha mkono. Ndiyo, dawa ya kuogeshea ng'ombe. Baadhi ni amitrazi, hiyo ni ya kupe na ukurutu, kwa viroboto ni dhaifu, kwahiyo unamhatarisha mbwa bila faida. Na sindano ya ivamektini, ile ya minyoo ya mifugo, hivo hivo, haiui viroboto, na kuna mbwa wa ukoo wa koli, wale wa kuchunga kondoo, inaweza kuwaua kabisa.

Mwenye paka na mbwa nyumba moja, ukiona neno permetrini kwenye boksi la dawa ya viroboto rudisha rafuni. Mbwa anaivumilia, paka maini yake hayawezi kuivunja, anaanza kutetemeka mpaka degedege, na akilala tu na mbwa aliyepakwa juzi inatosha kumdhuru.

Na sisi wa ziwani: mbwa aliyepakwa dawa hizi za matone asiingizwe ziwani, wala chupa zisioshwe pale tunapochota maji. Hizi dawa za kundi la permetrini zinaua samaki kwa kiasi kidogo sana, na fipronili inaua wadudu wa majini ambao dagaa wanakula. Sisi tunakula ziwa, tulilinde.

Mwarobaini? Mama, mimi siyadharau majani, ila sijaona yakimaliza nyumba. Kama huna hela leo, mwogeshe kwa sabuni, acha povu dakika kumi ukianzia shingoni ili wasikimbilie masikioni, pitisha kitana, wanaonaswa watumbukize kwenye maji ya sabuni, halafu anza kuweka akiba ya dawa ya mwezi. Na ukianza usiishie mwezi mmoja, nenda mitatu mfululizo, na mbwa wote wa nyumba pamoja, maana wale wa kwenye kifukofuko wataendelea kutoka.

Ukiona vitu kama punje za mchele kwenye mavi yake au pembeni ya mkia, hiyo ni minyoo ya tegu, anaipata kwa kumeza kiroboto akijing'ata. Atahitaji na dawa ya minyoo.

Sasa dozi zote ni kwa kilo, na kubahatisha kilo ndo watu wanakosea. Mzani wa bafuni uko pale mlangoni. Unapanda mwenyewe, tunaandika, unapanda na mbwa mkononi, tunatoa. Mama, tuanze na Bobi, mshike vizuri chini ya tumbo, taratibu.