Paka Amehasiwa, Sasa Anakojoa Nje ya Beseni? Fanya Hivi

Asalaam aleikum, karibuni. Leo tuko Langoni, Lamu, tunamwandalia paka aliyehasiwa pahali pa kujisaidia. Akianza kukojoa mkekani wengi humchapa, na kumbe kosa liko kwenye beseni.

Chukua beseni la plastiki la sentimita 60 au zaidi, paka aweze kugeuka ndani. Upande mmoja punguza ukingo ubaki sentimita 8, maana akiruka kidonda huvutika. Ulipokata, piga msasa. Pitisha kidole, kikikwaruzwa, piga tena. Tumbo lake litapita papo hapo.

Sasa gazeti. Kurasa za kung'aa weka kando, hazinywi maji. Unachana hivi... hebu sogeza kamera, mwanga wa dirisha umeficha mikono. Haya. Vipande vya upana wa kidole, jaza kimo cha sentimita 5. Badilisha kila siku.

Mchanga usitie siku 10 za mwanzo. Narudia: mchanga usitie, wala unga wa mbao wa seremala. Punje hunata kwenye kidonda, paka hulamba mno, kidonda hufunguka au hutunga usaha. Akishaumia humo, beseni na maumivu kwake huwa kitu kimoja, halingii tena. Siku ya 5 utaona kidonda kimekauka, mkono utakuwasha kumwaga mchanga. Usimwage! Kimekauka juu tu.

Siku ya 11, daktari akisharidhika, tia mchanga robo, karatasi robo tatu. Baada ya siku tatu, nusu kwa nusu. Siku tatu nyingine, mchanga mtupu. Akigoma, rudi hatua moja. Mchanga wa ufuoni una chumvi, huvuta unyevu. Usuuze mara mbili kwa maji ya kisima, uanike. Wa vilima vya Shela tafadhali tusiuguse, vilima vile ndivyo vinavyotuwekea maji matamu.

Beseni liweke chini, asipande ngazi, mbali na chakula chake na mbali na mlango wa kichochoroni wanakopita punda. Paka wawili, mabeseni matatu.

Palipokwisha kukojolewa, osha kwa siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu, mchanganyiko ukae hapo dakika 10. Sabuni yenye amonia hapana. Paka huinusa kama mkojo, akarudi pale pale.

Dume akisimama, mkia juu unatetemeka, akarusha kidogo ukutani, hapo anatia alama. Homoni huchukua wiki kadhaa kuisha mwilini, mvumilie. Kinyesi nacho kikichelewa siku moja au mbili baada ya nusukaputi, si ajabu.

Lakini dume akichuchumaa mara kwa mara, akalia, na mkojo hautoki au unatoka matone, njia imeziba. Mpeleke kwa daktari wa mifugo saa ile ile, hata kama ni usiku. Akingojeshwa siku moja au mbili anakufa. Na panadoli usimpe, hata kipande, humuua.

Huyo anakuja... ananusa ukingo... ameingia. Zima kamera, paka hapendi kutazamwa akijisaidia.